Baba mwenye nyumba, niruhusu nitoboe ukuta

Jamani, Njombe kuna baridi! Nyie mlioko Dar mnaolalamikia joto, njooni huku Juni au Julai muone. Jioni ikiingia, jiko la mkaa linapelekwa ndani, mlango unafungwa, na tambara linasukumizwa chini ya mlango ili upepo usipenye.

Leo nina ugomvi na hilo tambara.

Habari ya watu kukutwa wamekufa chumbani na jiko la mkaa si ngeni kwetu waandishi. Tunaipa mistari minne, tunaweka na onyo la polisi kwamba wananchi wasilale na jiko, kisha tunahamia kwenye siasa. Hata mimi nimewahi kuiandika hivyo hivyo. Sawa, wasilale na jiko. Waote nini sasa?

Wengi huku wanaamini mkaa ukishakolea, ukawa mwekundu na moshi umeisha, hauna madhara tena. Si kweli. Kinachoua si ule moshi wa kukutoa machozi. Ni kaboni monoksaidi, gesi isiyoonekana wala kunuka, na mkaa mwekundu unaendelea kuitoa. Inaishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, mwili unalegea, unadhani ni uchovu wa shamba, unalala. Na hewa ikipungua chumbani ndiyo gesi inazidi. Tambara hilo!

Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Naunga mkono kabisa. Ila someni jina lenyewe: ya KUPIKIA. Sisi huku tunapika saa moja, halafu tunaota moto saa nne. Mtungi wa gesi utaivisha ugali wangu, lakini usiku wa Julai bado jiko la mkaa litarudi chumbani.

Rafiki yangu aliyeko Marekani alinitumia picha ya jiko la sebuleni kwake. Linakula vipande vidogo vya pumba ya mbao iliyoshindiliwa, na moshi unatoka kwa bomba la inchi 3 au 4 lililopenya ukuta wa nje. Kumbe ndani lina feni ya umeme inayousukuma moshi, ndiyo maana bomba linaweza kutoka moja kwa moja ubavuni mwa nyumba. Kwa umeme wetu huu wa kukatika sitalitaka hata kwa bure. Ila lile tundu ukutani, hilo nalitaka.

Fundi wa kuchomelea hapa mtaani anaweza kunitengenezea jiko la kuni la chuma, la kufungwa kwa mlango (maana jiko la mkaa la wazi huwezi kulifungia bomba). Kwa kuwa halina feni, bomba likishatoka nje lazima lipande wima hadi lipite paa, ili hewa ya moto ipae na kuvuta moshi. Likiishia chini ya dirisha, moshi unarudi ndani. Liwe mbali na mbao, sentimita 45 hivi kwa bomba la bati la kawaida. Na tambara litoke, kwa sababu moto nao unahitaji hewa ya kuingia.

Nikampelekea baba mwenye nyumba ombi langu. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, chai ikaletwa. Nilipofika kwenye tundu akanikata: "Ukuta wangu hautobolewi." Anaogopa mvua kuingia na dari kuungua. Hofu ya moto ni ya haki, bomba baya linaunguza nyumba. Lakini ukuta huo huo alishautoboa kupitisha waya wa dishi la televisheni, tena mwaka mzima hajauziba vizuri!

Nimemwambia gharama zote ni zangu, na nikihama nitaziba kwa tofali na saruji. Akasema atafikiria. Chumba cha pili katika nyumba hiyo hiyo anakaa mama mwenye watoto wawili, na jana usiku nilipopita nililiona tambara chini ya mlango wake. Nikabisha hodi, tukaongea, akalitoa. Jumamosi narudi kwa mzee. Safari hii naenda na fundi na bomba lenyewe, alishike kwa mkono wake.