Dau la mnyonge kwenye soko la odi

Kisiwani Mfangano, kaunti ya Homa Bay, mwezi mpevu ni mapumziko. Wavuvi wa omena, ambao sisi huku pwani tungewaita wavuvi wa dagaa, huvua kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina kazi. Ndipo vijana hukaa ufuoni Sena na simu mkononi, wakichambua mechi za Uingereza na Uhispania, na pesa za giza lililopita zikageuka dau. Mvuvi wa Vanga au Kipini anaijua hali hiyo vizuri.

Kuhusu hukumu ya dini sina la kuongeza. Sura ya Al-Maida imeshamaliza maneno. Leo nazungumzia hesabu tu, kwa sababu vijana wetu wengi hudhani wanashindana na kampuni kujua mpira, na kwamba anayejua zaidi ndiye atakayekula. Sivyo. Kampuni ni muuzaji, na odi ni bei yake.

Tuchukue mfano. Tuseme Gor Mahia wanacheza na AFC Leopards. Gor kushinda amewekewa 2.10, sare 3.10, Leopards 3.30. Gawanya 100 kwa kila odi: utapata 47.6, 32.3 na 30.3. Jumla ni 110.2. Lakini mechi moja haiwezi kuwa na zaidi ya asilimia 100. Hiyo 10 iliyozidi ndiyo faida ya mwenye duka. Kwa bei hizo, katika kila shilingi 100 anazopokea hutarajia kurudisha kama 91.

Ukifunga mkeka wa mechi tano zenye bei kama hizo, makato hayo yanazidishana mara tano, na 100 yako thamani yake ni kama 62. Jackpot ya mechi 17 ina njia 129,140,163 za kujazwa. Ni kweli mwaka 2017 Mkenya mmoja alishinda shilingi milioni 221 za SportPesa, na nchi nzima ikaona picha yake. Walioliwa siku hiyo hawakupigwa picha.

Sasa, kwa nini odi hupanda na kushuka? Bei ya kwanza hutoka kwenye kompyuta inayopima matokeo ya nyuma, magoli na majeruhi. Kampuni nyingi huinunua hesabu hiyo kwa mashirika ya takwimu kama Sportradar ya Uswisi. Mwanzoni zile zinazojua kazi hupokea dau dogo tu, zione wajuzi wanaegemea wapi. Wajuzi wakimwaga pesa upande mmoja, au habari ikitoka kwamba mfungaji ameumia, bei hubadilishwa papo hapo. Ni kama ufuoni: mashua ya kwanza huuza ghali, zikitia nanga kumi bei inaanguka. Tofauti ni kwamba samaki huoza na mchuuzi akala hasara; odi haiozi.

Hapa ndipo kijana anaponaswa. Anaona odi imeshuka kutoka 2.50 hadi 1.90, anasema kuna fununu, anakimbilia. Kwa dau la 1,000, aliyetangulia atalipwa 2,500; yeye atalipwa 1,900 kwa mechi ile ile. Fununu ilishaliwa, yeye amenunua makombo. Na wale wauzaji wa mechi za uhakika huko Telegram hutumia mshuko huo huo kama ushahidi wao.

Je, anayewahi bei nzuri kila mara? Kampuni nyingi humpunguzia kiwango cha dau au humfungia akaunti. Malalamiko hayo yamejaa Uingereza kwa miaka mingi. Basi kama wewe mlango wako uko wazi miaka yote, jiulize wanakupendea nini.

Agosti 2025 Kenya ilipata sheria mpya ya kamari na mamlaka mpya ya kuisimamia, baada ya sheria ya 1966. Mjadala mwingi umekuwa juu ya matangazo na ushuru. Tangu Julai mwaka huo, serikali inakata asilimia 5 pesa zikiingia kwenye akaunti ya kubeti, na 5 nyingine zikitolewa. Serikali imepata chake, kampuni ina chake. Ombi langu kwa mamlaka ni moja: kila mkeka uandikwe waziwazi, kwa Kiswahili, sehemu ya dau inayobaki kwa kampuni. Mkopaji huelezwa riba. Mbetaji naye aelezwe.

Wahenga walisema dau la mnyonge haliendi joshi. Ndugu msomaji, kabla hujatuma shilingi leo, gawanya 100 kwa kila odi ya mechi hiyo, ujumlishe. Kikokotoo kiko kwenye simu hiyo hiyo.