Kabla ya Mkopo wa Boda, Chora Kwanza

Wasee wa Tseikuru, tuambiane ukweli. Ukiuliza kijana hapa sokoni atafungua biashara gani, jibu ni boda ama M-Pesa. Mimi pia nilikuwa karibu kuchukua mkopo wa boda, hadi nikakaa chini na karatasi.

Katikati nikaandika NDENGU. Halafu nikatoa matawi ya maswali. Mbona broka analipa kidogo mwezi wa pili? Kwa sababu sote tunavuna na kuuza wakati mmoja. Mbona hatungoji? Wadudu, na karo. Wadudu wanazuiwa na nini? Ndengu zikauke vizuri, ziingie gunia lisilopitisha hewa. Nani anauza hayo magunia kijijini kwetu? Hakuna. Hapo ndipo nikaona biashara.

Hii ramani ya mawazo, ambayo Mwingereza Tony Buzan aliipa umaarufu miaka ya 1970, haikupi mtaji. Na tawi la karo bado sijalipatia jibu. Lakini boda ya ishirini kwa steji moja inamsaidia nani? Deni lake litakuamsha kila wiki.

Chukua kalamu. Mamako hulalamikia nini siku ya soko? Anzia hapo.