Kompresa ya Sauti na Uhai wa Muziki

Miongoni mwa vyombo vya studio ya kurekodia, ni vichache vinavyotumiwa kwa pupa kama kompresa ya sauti. Fundi mitambo huiwasha kabla hajausikiliza wimbo, mithili ya mpishi atiaye chumvi kabla ya kuonja. Rai yetu ni kwamba mazoea hayo huunyima muziki uhai wake, na kwamba chanzo chake si uhaba wa vifaa, bali ni kutoelewa kinachotendwa na kila kidhibiti.

Kompresa hupunguza tofauti baina ya sauti kubwa na sauti ndogo. Kidhibiti cha kwanza huweka kizingiti: sauti iliyo chini yake hupita salama, iliyo juu yake hubanwa. Cha pili huweka uwiano wa kubana. Tuseme uwiano ni 4 kwa 1. Mwimbaji akipaza sauti hata ikavuka kizingiti kwa desibeli 12, itatoka ikiwa imekivuka kwa desibeli 3 tu. Zile 9 zimetwaliwa. Hesabu hii ni nyepesi, na pengine ndiyo sababu wengi huishia hapo.

Ugumu umo katika muda. Kidhibiti cha tatu huamua kompresa ikawie kiasi gani kabla ya kubana, na cha nne ikawie kiasi gani kabla ya kuachia. Chukua mlio wa ngoma: kwanza pana pigo la kiganja juu ya ngozi, lipitalo mara moja, kisha mvumo unaolifuata. Kompresa ikibana baada ya milisekunde 1, pigo lenyewe humezwa. Ikingoja milisekunde 30, pigo hupita na mvumo ndio unaobanwa. Ngoma ni ileile na mpigaji ni yuleyule, lakini ile ya kwanza husikika kana kwamba imefunikwa blanketi.

Kuachia nako kuna hila yake. Wimbi la besi lenye mizunguko 50 kwa sekunde huchukua milisekunde 20 kukamilisha mzunguko mmoja. Kompresa ikiachia upesi kuliko hapo, italifuata wimbi lenyewe badala ya kuufuata muziki, na besi itakwaruza. Ikiachia polepole mno, neno moja lililopazwa litayafifisha yanayofuata. (Katika kompresa mashuhuri ya 1176, iliyobuniwa Marekani na Bill Putnam katika miaka ya 1960 na ambayo ingali ikiigwa na programu za kompyuta, vidhibiti hivi viwili huwakanganya wageni: kuzungusha kulia ni kuharakisha, kushoto ni kukawiza.)

Kidhibiti cha tano ndicho kidanganyifu kuliko vyote. Kazi yake ni kurudisha ukubwa uliopotea. Lakini zikirudishwa desibeli 9, basi katika vituo vya mwimbaji hata feni na mvua juu ya bati navyo huinuka kwa desibeli 9. Isitoshe, sikio la binadamu huvutwa na sauti kubwa. Msikilizishe mtu rekodi moja mara mbili, ya pili ukiwa umeiongeza kidogo tu, na aghalabu ataisifu ya pili. Hivyo fundi huamini amepamba wimbo, kumbe ameukuza tu. Twashikilia basi kwamba kompresa isihukumiwe mpaka sauti iliyobanwa na isiyobanwa zisawazishwe kwa ukubwa, kisha chombo kizimwe na kuwashwa, kizimwe na kuwashwa, huku fundi akiwa ameyaondoa macho kwenye mita.

Wako watakaosema kwamba msikilizaji wetu yumo ndani ya daladala au sokoni, na sauti ndogo zitampotea. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kwa uimbaji, kupunguza desibeli 3 au 4 mara nyingi hutosha, na ubeti uliozama waweza kuinuliwa kwa mkono. Wala kushindana kwa ukubwa hakuna faida tena. Mwaka 2010 Umoja wa Utangazaji wa Ulaya ulipendekeza vipindi vipimwe kwa wastani wa ukubwa unaosikika, na huduma kubwa za muziki katika intaneti nazo hushusha wimbo uliozidi kiwango chao. Wimbo uliobanwa kupita kiasi hushushwa ukawa sawa na mwenzake, na lile pigo la kiganja lililomezwa studioni halirudi.