OMBI LA STIMA NA MAJI LIPEWE NAMBARI



Mtu akipeleka ombi la kuwekewa stima au maji ya mfereji, ofisi ina wajibu gani kwake? Twauliza kwa sababu wanachama wengi hudhani wajibu ni wao tu, nao ni kungoja. Sivyo. Sheria ipo.

Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 chasema kila mtu ana haki ya kushughulikiwa na wenye mamlaka upesi, kwa njia ya sheria na ya haki, na kama uamuzi utamdhuru katika haki zake apewe sababu kwa maandishi. Maji yenyewe yametajwa kuwa haki katika kifungu cha 43. Tena mwaka 2015 Bunge lilipitisha sheria ya kutimiza kifungu hicho cha 47, na sheria hiyo haikukomea kwenye ofisi za Serikali; yazishika hata kampuni ambazo uamuzi wao wagusa haki za mtu. Ofisi ikiulizwa sababu isiitoe, uamuzi wake huhesabiwa kuwa haukuwa na sababu njema, mpaka ithibitishe vingine. Hilo ni neno kubwa.

Lakini lamfaa nini mtu asiye na karatasi? Mfanya kazi hupeleka nakala ya kitambulisho, namba yake ya kodi na cheti cha fundi mwenye leseni, kisha huambiwa, "Sawa, tutakuita." Hakukubaliwa, wala hakukataliwa. Siku ya kulalamika hana nambari, hana tarehe, hajui nani alipokea. Hapo ndipo dalali hupata chakula chake, maana yeye huuza kile ambacho ofisi ilipaswa kutoa bure: habari.

Kwa hiyo twataka kila ombi liandikwe daftarini siku linapofika, na mwombaji atoke na risiti yenye nambari. Karatasi ikipungua aambiwe siku hiyo hiyo ni ipi, si baada ya miezi mitatu. Gharama na tarehe ya kazi ziandikwe. Anayekataliwa apewe barua. Na mpangaji mpya asilipishwe deni la yule aliyehama. Hili la wapangaji twalitilia mkazo, kwani wengi wetu twaishi vyumba vya kupanga.

Mwaka 2015 gharama ya kuunganishiwa stima kwa nyumba zilizo karibu na transfoma ilishushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, na watu wakaruhusiwa kulipa kidogo kidogo. Tulifurahi, na ilikuwa haki kufurahi. Ila bei ikishuka foleni hurefuka, na foleni ndefu isiyo na nambari ni ya mwenye kujuana na wakubwa.

Wako watakaosema kwamba twawashambulia makarani. Hata kidogo! Karani wa kaunta ni mfanya kazi kama sisi. Hutukanwa tangu asubuhi kwa ajili ya nguzo ambazo hazikuletwa na mita ambazo hazipo stoo, mambo asiyoyatawala. Kanuni ikibandikwa ukutani atakuwa na kitu cha kuwaonyesha watu. Na mkubwa wake akimwambia amtangulize rafiki, atakuwa na neno la kumjibu bila kuhofia kazi yake.

Kwa sasa, kila mwanachama mwenye ombi aandike nakala mbili na kuomba ya kwake ipigwe muhuri. Akinyamaziwa, aombe kwa maandishi habari za ombi lake. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 yatoa siku 21 za kujibu. Siku hizo zikipita bure, apeleke malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, na kama ni ya stima, kwa EPRA pia. Nakala moja ipelekwe kwa katibu wa tawi, ili chama kikienda kuzungumza na wakubwa kiwe na tarehe mkononi.