Jibu kwa Aliyewaonya Wenye Pumu

Bwana Mhariri, nimeisoma makala ya ndugu yetu aliyewanasihi wenye pumu wa Buguruni waitupe inhela ya steroidi, ati huwazoesha na kuwaharibu mwili, watosheke na ile ya bluu wanapobanwa. Nami, kwa taadhima yote, nasema nasaha hiyo ni hatari kwa roho za watu.

Ile ya bluu, salbutamoli, hufungua njia za hewa kwa saa chache tu, wala haiutibu uvimbe ulio asili ya maradhi; ndiyo sababu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu wa GINA uliacha kupendekeza watu wazima waitegemee peke yake. Ama madhara ya steroidi, na apime mwenyewe: kidonge kimoja cha steroidi iitwayo prednisoloni cha miligramu 5 ni mikrogramu 5,000 zizungukazo mwili mzima, ilhali mpulizo mmoja wa inhela ya steroidi ya beklometasoni aghalabu ni mikrogramu 50 au 100, zikusudiwazo mapafu.

Utando mweupe kinywani na sauti kukauka hutokea kwa inhela hiyo, naam. Lakini muuza mkaa wa Buguruni, akitikisa kikopo alfajiri, akatoa pumzi, akavuta taratibu, akaizuia kifuani hadi sekunde 10, kisha akasukutua na kutema maji, hupunguza sana adha hiyo.

Katika jambo moja nampa haki: kwa wenye maradhi sugu ya mapafu yatokanayo na moshi, inhela ya steroidi huzidisha hatari ya nimonia, na uamuzi ni wa tabibu. Lakini asiwachanganye hao na wenye pumu, wala asimwambie yeyote aache dawa yake kabla hajaonana na tabibu.