Ankara ya Mtoto Aliyechukuliwa

Nchini Marekani, mahakama ikiamuru mtoto atolewe nyumbani na kupelekwa kwa walezi wa kambo, serikali ndiyo inayogharimia chakula, mavazi na malazi yake. Wengi hawajui kwamba baadaye gharama hizo zinaweza kudaiwa kwa wazazi. Tangu mwaka 1984 sheria ya nchi hiyo inayataka majimbo yachukue hatua, pale inapofaa, kukusanya matunzo kutoka kwa wazazi wa watoto ambao malezi yao ya kambo yanachangiwa na mfuko wa serikali kuu. Fedha zikipatikana, jimbo na serikali kuu hugawana. Mtoto mwenyewe kwa kawaida haoni hata senti.

Wanaoitetea sheria hii wana hoja ambayo mtu yeyote aliyelelewa vizuri ataielewa: aliyezaa na alee. Baba aliyeachana na mkewe hulipa matunzo, na asipolipa hufikishwa mahakamani. Kwa nini basi aliyemtesa au kumtelekeza mwanawe, hata serikali ikalazimika kumchukua, aachwe bila kutoa chochote? Hoja hiyo ina uzito. Lakini inamzungumzia mzazi mwenye uwezo anayekwepa wajibu, na ankara hizi kwa sehemu kubwa haziendi kwake.

Tazama jinsi mfuko wenyewe unavyofanya kazi. Ili serikali kuu ichangie malezi ya kambo ya mtoto, kwa kawaida lazima ithibitike kwamba familia aliyotolewa ni maskini, na kipimo cha umaskini huo ni viwango vya kipato vya programu ya misaada iliyofutwa mwaka 1996. Bei za vitu zimepanda mara ngapi tangu hapo. Viwango vile vimebaki palepale. Kwa hiyo afisa anaanza kwa kuandika kwenye jalada kwamba familia hii ni hohehahe, kisha jalada hilohilo linakuwa msingi wa kuidai fedha. Zaidi ya nusu ya watoto wanaotolewa majumbani huko, sababu inayotajwa ni kutotunzwa ipasavyo. Ndani ya neno hilo kuna ulevi na dawa za kulevya, ni kweli, na kuna watoto waliokuwa hatarini hasa. Lakini kuna pia nyumba isiyo na umeme, friji tupu, na mama aliyekwenda kazini usiku kwa kuwa hana wa kumwachia mtoto.

Chukua mfano wa mama anayefanya usafi hotelini kwa kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu, dola 7.25 kwa saa, ambacho hakijaongezwa tangu 2009. Akifanya kazi saa 40 kila wiki anapata takriban dola 1,257 kwa mwezi kabla ya makato. Mtoto akichukuliwa, kama alikuwa anapokea posho ya fedha taslimu kwa ajili yake, posho inakatika. Nafuu ya kodi ya wenye watoto nayo inaweza kumpotea. Hakimu naye amempa masharti: apate nyumba yenye nafasi ya kutosha, ahudhurie mafunzo ya malezi, apimwe dawa za kulevya, aende kumwona mtoto siku na saa zilizopangwa, na wakati huohuo asipoteze kazi. Kila sharti linakula nauli, au saa ambazo angelipwa. Juu ya hayo yote inakuja amri ya kuilipa serikali, na mara nyingi hukatwa moja kwa moja kwenye mshahara. Akishindwa, deni linalimbikizwa. Leseni ya udereva inaweza kusimamishwa, marejesho ya kodi yakazuiwa, na malimbikizo yakizidi dola 2,500 ananyimwa pasipoti. Anayeishi mahali pasipopita basi, leseni ikiondoka atafikaje kwenye miadi ambayo mahakama yenyewe imemwamuru asiikose?

Matokeo yake yamepimwa. Mwaka 2017 Maria Cancian na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walichapisha utafiti uliotokana na kumbukumbu za jimbo hilo. Waliona kwamba kila dola 100 zinazoongezwa kwenye amri ya malipo ya mwezi zinamchelewesha mtoto kurudi nyumbani kwa zaidi ya miezi sita. Miezi yote hiyo serikali inaendelea kumlipa mlezi wa kambo, kuwalipa maofisa na kuendesha kesi. Hata anayejali hesabu tu na kuweka huruma kando hana sababu ya kuutetea mpango unaorefusha gharama ile ile unayodai kuifidia.

Kinachoniumiza zaidi ni kalenda. Sheria ya mwaka 1997 inalitaka jimbo, isipokuwa kwa sababu maalumu, lifungue shauri la kumvua mzazi haki zake pindi mtoto anapotimiza miezi 15 kwenye malezi ya kambo ndani ya miezi 22. Ondoa sita katika hiyo kumi na mitano uone kilichobaki. North Carolina imekwenda mbali zaidi: sheria yake imekuwa na kifungu kinachoruhusu mzazi avuliwe haki zake akikataa kwa makusudi, kwa miezi sita, kuchangia gharama za malezi ya mtoto wake ilhali anao uwezo. Kweli, kifungu kinataka uwezo uthibitishwe. Hata hivyo, uwezo wa mtu anayeishi kwa mshahara wa wiki hadi wiki ni kitu chembamba sana kukitundikia uzazi. Deni la serikali lina njia zake za kudaiwa, na kumtenga mama na mwanawe maisha yote isiwe mojawapo.

Jambo hili linawagusa pia wanaozungumza Kiswahili. Familia nyingi za Wakongo zimepewa makazi Marekani kama wakimbizi, baadhi baada ya miaka mingi kwenye kambi kama Nyarugusu, Kigoma. Kwao, kumwacha dada mkubwa awaangalie wadogo zake ni malezi ya kawaida kabisa. Huko ugenini kunaweza kumleta afisa mlangoni, na familia isiyojua lugha ya mahakama ikajikuta inadaiwa kabla haijaelewa imeshtakiwa nini.

Mwishoni mwa 2021 redio ya NPR ilitangaza uchunguzi wake kuhusu ankara hizi, na katikati ya 2022 serikali kuu ikayaelekeza majimbo kwamba kuwatoza wazazi kuwe jambo la nadra. Mwaka huohuo California ilitunga sheria inayochukulia tangu mwanzo kwamba malipo hayo yanazuia familia kuungana tena. Jimbo hilo lilikwisha kuacha, tangu Januari 2018, kuwatoza wazazi gharama za watoto wanaozuiliwa na mahakama za watoto, kwa hiyo halikuanza bila uzoefu.

Na mzazi tajiri aliyemdhuru mwanawe? Alipe, bila kusitasita. Hakimu anaweza kuupima uwezo wake mmoja mmoja, na fedha ziwekwe kwenye akaunti ya mtoto zimsubiri akue, zimlipie masomo na matibabu. Hapo kanuni ya aliyezaa alee inabaki na maana yake, kwa kuwa anayelelewa ndiye anayepokea.

Mwongozo wa 2022, hata hivyo, si sheria. Utawala mwingine unaweza kuutengua kwa waraka mmoja. Bunge la Marekani ndilo lililoandika agizo la 1984, na ndilo lenye uwezo wa kulifuta. Yako pia madeni ya zamani, ambayo waraka peke yake hauyaondoi vitabuni. Sheria ya 1986 inazizuia mahakama kuyapunguza kwa kurudi nyuma, lakini kwa deni ambalo mdai ni jimbo lenyewe, jimbo lina mamlaka ya kusamehe. Magavana hawahitaji kulisubiri Bunge kuanza hilo.