Bustani Juu, Wenyeji Chini

Waswahili husema chema chajiuza. Hawakusema kwamba chema chaweza kuwauza na majirani. Hilo ndilo funzo la High Line, bustani ya New York iliyopandwa juu ya reli kuukuu, na ndilo wasifiaji wake wasilotaka kulisikia.

Reli hiyo ilifunguliwa mwaka 1934, magharibi mwa Manhattan. Iliinuliwa juu ya nguzo za chuma kwa kuwa treni zilizopita barabarani zilikuwa zikiua watu. Ikabeba nyama na maziwa hadi ndani ya maghala. Malori yakaipokonya kazi, na mwaka 1980 treni ya mwisho ikapita. Majani ya mwitu yakaota baina ya mataruma. Wenye viwanja vilivyo chini yake walitaka ivunjwe, na mwaka 2001 utawala wa jiji ukaridhia. Joshua David na Robert Hammond, walioanzisha chama cha kuitetea mwaka 1999, hawakukubali; wakashinda. Mwaka 2009 sehemu ya kwanza ilifunguliwa kwa waendao kwa miguu, bila kiingilio.

Kuihifadhi kulikuwa busara kuliko kuivunja. Hapo hapana ubishi. Paris ilikwisha kuonyesha njia ilipoipanda miti reli ya Bastille, iliyofungwa mwaka 1969, na chini ya matao yake ikaweka karakana za mafundi.

Ubishi uko katika neno moja: umma. Mwaka 2005 jiji la New York lilibadili kanuni za ujenzi wa mtaa huo. Wenye viwanja chini ya reli wakaruhusiwa kuwauzia jirani zao haki ya kujenga kwenda juu. Hewa ikawa bidhaa, na waliotaka reli ivunjwe wakageuka watetezi wake. Majumba ya fahari yakachomoza, bei za ardhi zikapaa, gereji na maduka madogo yakaondoka. Nyumba za umma za Elliott-Chelsea na Fulton zipo hatua chache tu kutoka kwenye maua hayo, lakini wapangaji wake hawakuiona bustani kuwa yao. Hammond mwenyewe alikiri mwaka 2017 kwamba walishindwa kuwatumikia: waliwauliza bustani iwe na sura gani, hawakuwauliza wanahitaji nini.

Watetezi hujibu kwamba lango li wazi kwa wote. Lango wazi halitoshi. Baraza ya nyumba ya pwani haina lango kabisa, lakini heshima yake yatokana na mwenyeji na mpita njia kuketi pamoja, pasiwe na amfanyaye mwenziwe mgeni.

Basi jiji litakalo kulivika maua daraja kuukuu lianze na kodi za nyumba zilizo chini yake. Lizifunge kwa sheria kabla ya mche wa kwanza kupandwa, na sehemu ya faida ya hewa iliyouzwa iwarudie wapangaji. Jirani akishahamishwa na kodi, maua yale yatachanua kwa ajili ya nani?